Diski mpya, seva ya zamani, na skripti yangu mwenyewe

Nimepotea kidogo, kazi zimekuwa nyingi. Leo nawaletea kisa ambacho nimekuwa nikikikwepa tangu Oktoba 2024. Kinahusu diski moja mpya, seva moja ya zamani, na mtu mmoja aliyejiona mjuaji. Mtu huyo ni mimi. Kama wewe ni mtu wa kompyuta, kuna mambo humu yanayoweza kukuokolea siku mbili. Kama si mtu wa kompyuta, soma tu, nitajitahidi kueleza kwa lugha ya kawaida.

Mjomba wangu ana studio ya video Kamukuywa, kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, si mbali na njia panda ya kuelekea Kimilili. Ni chumba kimoja chenye picha za maharusi dirishani na meza ndefu ya kuhariria. Anapiga harusi, mazishi, sherehe za shule na mahafali ya vyuo. Kila mwaka wa namba shufwa, ukifika Agosti, halali: huo ndio msimu wa kutahiri kwetu Wabukusu, na siku hizi kila boma linataka video. Basi Agosti 2024 ilipoisha, seva yake ilikuwa imejaa mpaka kooni.

Seva yenyewe ni sanduku refu jeusi la mwaka 2010, lililokuja nchini likiwa limetumika, ile mali tunayoiita ex-UK. Ndani mlikuwa na diski ndogo ya mfumo na diski mbili za terabaiti 1 za kuhifadhia video. Linux iliyomo ni CentOS 6, ambayo iliacha kupata masasisho Novemba 2020. Najua, najua. Mimi sikuiweka, nimeirithi, na kwa kuwa haijaunganishwa na intaneti niliiacha ilivyo.

Mjomba akauza ndama mmoja, akanipa pesa, akaniambia, "Injinia, nitafutie kitu kikubwa kisichojaa haraka." Nikamtafutia diski ya terabaiti 8 kwa muuzaji mmoja wa Nairobi. Si mpya ya kiwandani. Ilikuwa imetumika kwenye mitambo mikubwa ng'ambo, ikapimwa na kuuzwa tena. Ikafika Kitale kwa basi siku ya Jumatatu, imefungwa kwa magazeti. Jumanne asubuhi nikapanda matatu.

Nilipofika nilimkuta mama mmoja mzee ameketi kwenye benchi la wateja. Mumewe alikuwa amefariki mwaka 2016, na Jumamosi ile familia ilikuwa na ibada ya kumkumbuka. Alitaka video ya kumuse. Kwa wasiojua: kwetu Wabukusu, mzee wa heshima akifariki, siku chache baada ya mazishi watu hukusanyika, na msemaji maalumu, omuswasi, husimama akawaeleza watu historia, akaonya, akafariji, akaunganisha jamaa na koo. Si kila mtu anaweza kazi hiyo, na si kila mzee hufanyiwa. Mama akaniambia, "Mwanangu, hata yule aliyesema siku hiyo naye ameshakwenda. Maneno yake yamebaki humo ndani tu." Akaelekeza kidole kwenye lile sanduku jeusi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaangalia hali ya diski za zamani kwa smartctl, na wasiwasi ukanipata mimi. Moja kati ya zile mbili, ile yenye kazi za 2014 hadi 2017, ilikuwa na sekta 16 zinazosubiri. Yaani kuna vipande 16 ambavyo diski imejaribu kuvisoma ikashindwa, na inangoja kuona kama itafaulu siku nyingine. Diski ikianza hivyo, iandalie mrithi.

Mtu atauliza: kwa nini sikuitoa ile video moja kwanza nikaiweka kwenye laptop? Kwa sababu hakuna aliyejua ni ipi. Kamera huandika majina ya namba tupu, folda zilikuwa mamia, na daftari la Mjomba la mwaka ule lilikuwa limelowa maji ya mvua. Kufungua faili moja moja kwenye diski inayokufa ni kuiongezea safari. Niliona heri tuisome yote mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, tuiweke kwenye diski mpya, halafu tutafute kwa utulivu. Mpaka leo naamini uamuzi huo ulikuwa sawa. Makosa yangu yalikuja baadaye.

Nikafunga diski mpya ndani ya seva, nikachomeka kebo ya data na ya umeme, nikawasha. Kimya. Seva iliamka vizuri lakini diski mpya haikuonekana popote. Ukisoma dmesg, mlango ule unasema kiungo hakipo, kama vile hakuna kilichochomekwa. Nikabadilisha kebo. Kimya. Nikabadilisha mlango. Kimya. Nikachukua kebo zile zile nikazichomeka kwenye diski nzima ya zamani, nayo ikazunguka bila shida. Nikaweka kiganja juu ya diski mpya wakati wa kuwasha: haitetemeki hata kidogo. Injini yake haikuwa inaanza kabisa.

Nikaitoa, nikaiweka kwenye kile kikalio cha USB ninachotumia na laptop. Ikaanza kuzunguka mara moja, na jina lake likatokea kwenye skrini. Nikairudisha kwenye seva: maiti. Kwenye kikalio: hai. Mjomba, aliyekuwa anatazama maonyesho haya huku akinywa chai, akasema, "Labda haipendi nyumba hii." Tulicheka, lakini alikuwa amegusa ukweli kuliko nilivyodhani.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba kipasha umeme cha seva kimechoka. Nikachomoa vitu vyote visivyo vya lazima ili kipumzike. Haikusaidia. Jioni nikarudi Kitale nimenuna, na usiku, nikiwa kitandani, ndipo nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma.

Sehemu hii ni ya wenye kompyuta za zamani, isomeni polepole. Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15. Katika mpango wa awali, pini tatu za kwanza zilikuwa za volti 3.3. Diski kubwa za kompyuta za mezani hazikuwa na haja nazo, zinakula volti 5 na volti 12, lakini vipasha umeme vingi viliendelea kuzipeleka tu. Mwaka 2016 likatoka toleo la SATA 3.3, na ndani yake pini ya tatu ikapewa kazi mpya: kuzima diski kwa mbali. Kwenye jumba lenye maelfu ya diski ni jambo zuri sana. Diski ikiganda, mtambo unapeleka umeme kwenye pini ya tatu, diski inazimika, umeme unaondolewa, inawaka upya, bila mtu kutembea hadi ilipo.

Sasa chukua diski kama hiyo, uichomeke kwenye seva ya 2010. Seva, kwa tabia yake ya miaka yote, inapeleka volti 3.3 kwenye pini ya tatu saa zote. Diski inasikia amri moja tu: zima, zima, zima. Nayo inatii. Kikalio changu cha USB hakina volti 3.3 kabisa, ndiyo maana huko iliishi. Hakukuwa na kitu kibovu. Ni wawili waliofundishwa maana tofauti za ishara moja.

Dawa ni kuziba pini hiyo. Unahitaji mkanda mwembamba usiopitisha umeme na unaostahimili joto, ule wa rangi ya kahawia unaoitwa Kapton. Nilifikiri itabidi niagize Nairobi. Jumatano asubuhi nikamwuliza fundi wa simu aliye karibu na studio, akavuta droo akatoa bunda zima. Wao huutumia kukinga sehemu za simu wanapopuliza hewa ya moto. Akakata kipande chembamba kwa wembe, akaziba pini tatu za kwanza kuanzia upande wa kebo ya data, kwa mkono usiotetemeka. Nikamwuliza deni, akasema, "Niletee soda." Tukachomeka. Tukawasha. Diski ikavuta pumzi, ikaanza kuimba.

(Wengine hutumia adapta ya kutoka kwenye plagi ile ya zamani ya pini nne, ambayo haina volti 3.3 kabisa. Inafanya kazi pia. Lakini epuka zile ambazo waya zimemiminiwa plastiki kwa pamoja, maana zimejulikana kupiga shoti na kuungua.)

Hapo ningeandika "mwisho" na mngenipigia makofi. Lakini sasa tunafika pale ninapoona aibu.

Stima ilipotea saa kumi jioni ile ikarudi usiku. Nilipokaa tena kwenye kiti ilikuwa yapata saa saba usiku, macho yananiwasha. Nina skripti yangu ya kuandaa diski mpya, nimeiandika mwaka 2018 nikiwa mwanafunzi, nilipokuwa attachment. Tulikuwa na kompyuta 20 za kuwekewa diski za gigabaiti 500, nikaona niandike kitu cha kufanya yote kwa amri moja: kugawa, kuunda mfumo wa faili, kuunganisha. Nimetembea nayo tangu wakati huo kwenye flashi yangu kama hirizi. Nikaiendesha. Ikamaliza bila neno. Nikaangalia kwa df, na df ikaniambia diski ina terabaiti 2.

Mbili. Tumelipia nane.

Sikulala vizuri. Kulipokucha, nikapanda hewani, nikampigia yule muuzaji wa Nairobi. Sitaandika yote niliyosema. Nilimwambia amebandika lebo ya nane kwenye diski ya mbili, kwamba amekula ndama wa mzee wa watu, na kwamba nitamwanika. Akanijibu kwa upole, "Kaka, angalia tena. Ukiona bado, nirudishie, nitakurudishia pesa." Upole wake ukanikasirisha zaidi, nikamkatia simu.

Ili kumpata na ushahidi, nikahamishia diski kwenye kikalio cha laptop na kuendesha badblocks, programu inayopitia diski nzima kipande kwa kipande. Wazo langu lilikuwa kwamba ikifika terabaiti 2 itagonga ukuta, nipige picha nimtumie. Haikuanza hata. Ikalalamika kwamba namba ya kipande cha mwisho, 7814026584, ni kubwa mno, haitoshi kwenye biti 32.

Nikaitazama namba ile. Badblocks huhesabu kwa vipande vya baiti 1024. Nikachukua kikokotoo cha simu: 7,814,026,584 mara 1024 ni 8,001,563,222,016. Trilioni nane na ushei. Terabaiti nane, kamili, kama lebo ilivyosema. Programu niliyoiita ije kutoa ushahidi dhidi ya muuzaji ilikuwa imesimama kizimbani na kumtetea.

Sasa mbili zilitoka wapi? Nikaifungua skripti yangu, nikaisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Ilikuwa inatumia fdisk, na fdisk ya CentOS 6 kwa kawaida huunda jedwali lile la zamani la MBR. MBR huandika nafasi za sekta kwa biti 32. Biti 32 zinakupa namba 4,294,967,296, hazizidi hapo. Zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata 2,199,023,255,552, yaani terabaiti 2 na kidogo. Kinachozidi hapo, jedwali halina namba ya kukiitia. Terabaiti karibu sita zilikuwa pale pale, nzima, lakini hazina anwani.

Na hii ndiyo sehemu inayouma. Fdisk ilinionya. Ukiiendesha kwa mkono kwenye diski kubwa hivyo, inakwambia waziwazi kwamba jedwali hili halifai na inakutajia la kutumia. Lakini mwaka 2018, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yananichosha macho, niliandika mwishoni mwa mstari ule kwamba kila inachosema, pamoja na makosa, kitupwe kwenye /dev/null. Yaani niliiziba mdomo. Miaka sita baadaye ilijaribu kuniambia, na mkono wangu mwenyewe ulikuwa bado uko juu ya mdomo wake. Badala yake nikampigia kelele mtu asiye na hatia.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Parted, jedwali la GPT linaloandika nafasi kwa biti 64, sehemu moja kuanzia mebibaiti ya kwanza, ext4, basi. BIOS ya zamani huenda ikasumbua kuwasha mfumo kutoka kwenye GPT, lakini si neno, kwa sababu mfumo unawaka kutoka diski ile ndogo, hii ni ghala tu. Na badblocks nayo ukiiambia ihesabu kwa vipande vya baiti 4096, namba inapungua na kutosha, inafanya kazi.

Lakini ilikuwa Alhamisi alasiri tayari. Nikaangalia tena diski mgonjwa. Sekta zinazosubiri hazikuwa 16 tena. Zilikuwa 88.

Nikaanzisha ddrescue. Uzuri wake ni kwamba haing'ang'anii panapouma. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaandika kwenye daftari lake mahali iliposhindwa, halafu inarudi baadaye kuchokoa vipande vilivyobaki. Usiku ule nililala kwenye benchi la wateja. Mjomba alileta blanketi na thermosi ya chai, akakaa na mimi. Nje, turubai za mahindi zilikuwa zimekunjwa kwa sababu ya umande. Tulikuwa tunasikiliza diski mbili, moja inaimba, nyingine inakohoa.

Ijumaa saa nne asubuhi ikamaliza. Tukaanza kutafuta kwenye nakala, bila hofu. Ilikuwa kwenye folda ya Septemba 2016, saa mbili na dakika kumi za video, nzima. Mjomba akaongeza sauti kidogo. Omuswasi alikuwa amesimama na fimbo yake, watu wamekaa kimya, na kwa mbali unasikia mtoto analia na kunyamazishwa. Mjomba akasema tu, "Huyo ndiye." Jioni mama akaja kuchukua flashi yake, akaifunga kwenye pembe ya leso.

Si vyote vilivyopona. Faili tatu zilitoka na majeraha. Moja ni harusi ya 2015, inakwenda vizuri mpaka dakika ya 41, halafu bibi harusi anabaki ameinua mkono, hasogei tena. Nimejiuliza mara nyingi kama Jumanne, sekta zikiwa 16, dakika ile ilikuwa bado inasomeka. Siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba usiku mmoja na nusu siku ulipotea kwa sababu ya mstari niliouandika mwenyewe.

Muuzaji nilimpigia Ijumaa hiyo hiyo. Nilimweleza yote, mpaka habari ya /dev/null. Akacheka sana, akasema wateja humlaumu kwa mengi, lakini hakuna aliyewahi kurudi kumwelezea hesabu. Akaniomba nimtumie maelezo ya ule mkanda, maana ana wateja wawili wenye diski "zilizokufa". Nilimtumia.

Kwa ufupi, kwa mwenye seva ya zamani na diski mpya:

1. Diski isipozunguka kwenye seva lakini ikazunguka kwenye kikalio cha USB, usiitupe. Fikiria pini ya tatu kwanza.
2. Ukiona ukubwa wa ajabu, uliza kila ngazi peke yake. df inakwambia ukubwa wa mfumo wa faili, lsblk inakwambia ukubwa wa diski yenyewe. Mimi niliuliza ngazi moja nikahukumu zote.
3. Zaidi ya terabaiti 2, tumia GPT. Kwenye mashine za zamani, ikariri ile namba 4,294,967,296. Mimi ilinikuta kwenye jedwali, ikanikuta kwenye badblocks, na inanisubiri kwenye ext4 ya mfumo ule, ambayo kwa vipande vya baiti 4096 haivuki tebibaiti 16.
4. Diski mgonjwa isomwe mara moja, kwa ddrescue, na kazi zote za kutafuta zifanyike kwenye nakala.
5. Usizibe mdomo wa programu inayogusa diski ya mtu.

Skripti ile bado ninayo. Nimeondoa ule mstari, na sasa inasema maneno mengi sana, mengine ya kuchosha kweli. Nayasoma yote.

Haya, kwaherini kwa leo. Nikipata nafasi nitawaandikia jinsi tulivyompa Mjomba nakala ya pili, iliyo mbali na Kamukuywa, maana diski moja kubwa ni kapu moja kubwa la mayai. Mbaki salama.